Nilivyousiriba Ukuta wa Mtwa

Juzi jirani yangu hapa Mbeya alikuwa anajengewa banda la kuku, na fundi akamwagia maji lundo la udongo mwekundu. Mimi nilikuwa barazani nachagua mchele. Harufu ikanifikia, ile ya udongo mkavu unapokunywa maji, nikajikuta nimeweka ungo pembeni, nanusa viganja vyangu. Mwanangu akauliza, "Mama, unanusa nini?" Nikamjibu nanusa kosa langu la zamani. Aliniangalia kwa huruma akarudi kwenye simu yake. Simlaumu. Lakini nyinyi mliokulia nyanda hizi miaka yetu, mliokuwa mkitumwa shimoni kuchota udongo kabla ya Krismasi mkarudi na magoti mekundu, mnaijua harufu ninayoisema.

Baba yangu alikuwa mwangalizi wa magofu. Kijiji chetu kiko nje ya mji wa Iringa, upande wa barabara inayokwenda Idodi, na juu kidogo ya mto yapo mabaki ya ngome aliyoijenga mtwa mmoja, yaani chifu wa Wahehe, kabla Wajerumani hawajaja na mizinga yao. Kilichosimama mpaka leo ni vipande vya ukuta wa mawe na udongo. Vingine vilinifika kiunoni, vingine vilimzidi baba kimo, na pale palipokuwa lango pana kipande kirefu kuliko vyote. Baba alifyeka nyasi, alifukuza mbuzi, na wageni walipokuja aliwatembeza. Alikuwa na fimbo ya kuonyeshea na kofia ambayo aliivaa kazini tu. Kila alipofika langoni aliuambia ukuta, "Kamwene," kama anavyosalimiwa mtu mzima kwa Kihehe, kisha akawageukia wageni akaanza maelezo yake, yaleyale, kwa sauti ya msoma risala.

Kabla ya kazi hiyo baba hakuwa mtu wa nyumbani. Alikuwa Rujewa, kwenye mashine za kukoboa mpunga, na alikuja kwetu mara moja moja akiwa na mfuko wa mchele na kikohozi cha pumba. Nilikuwa namwogopa. Nilikuwa namwamkia kwa mbali kisha nakimbilia kwa bibi, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye. Alipopata kazi ya magofu akarudi moja kwa moja, na mimi ndipo nikaanza kumjua. Niligundua kwamba anaimba tenzi za kanisani akinyoa ndevu, kwamba hawezi kunywa chai bila kupuliza mpaka imepoa kabisa, na kwamba anacheka vibaya, kwa kukoroma, jambo ambalo mama alilionea aibu mbele za watu. Kikohozi kikaisha. Nikawa mtoto mwenye baba wa kila siku, na nilijivuna nayo shuleni mpaka wenzangu wakanichoka.

Kitu kimoja hakuna aliyenieleza, labda kwa sababu kila mtu alidhani nakijua: gofu ni nini. Mimi niliamini wenyewe wamesafiri. Nilimsikia baba akiwaambia wanafunzi, "Hapa walilala wake wa mtwa, hapa palikuwa zizi, hapa walinzi walisimama," nami nikaona ni watu walioondoka kwa shida fulani na siku moja watarudi. Kwetu mtu akienda kulima mbali, jirani humwangalizia nyumba. Ndiyo maana, kwa akili yangu, baba akaitwa mwangalizi.

Siku moja katikati ya wiki baba alipigiwa simu. Alikwenda kuipokelea kule kwenye migomba ambako mtandao ulikuwa unashika, akarudi jikoni akakaa kwenye kigoda. Mama alikuwa anasonga ugali. Mimi nilikuwa nje ya mlango namenya karanga, na masikio yangu, kama kawaida yake, yalikuwa ndani.

"Jumamosi kuna mgeni," baba alisema. "Peke yake. Anataka nimtembeze mimi, asubuhi nzima, kwa miguu, jiwe kwa jiwe."

"Si vizuri?" mama akauliza.

"Ametumwa na ofisi, Mama Tumaini. Anakuja kuangalia kama ukuta nimeutunza. Akikuta umeharibika mikononi mwangu, wananitoa, wanaleta mwingine."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Halafu?"

"Halafu Rujewa."

Nilikula ugali siku ile kama mtu anayemeza pamba. Tumaini ni mimi, na sikutaka kurudi kuwa mtoto wa kuamkia kwa mbali. Kesho yake baada ya shule nikapita magofuni kuutazama ule ukuta. Ulikuwa na nyufa za kuingiza mkono. Udongo ulikuwa umebanduka, mawe yametokeza nje, mijusi imejenga miji. Nilimhurumia baba. Watu wazima wote wale, na fimbo na kofia na daftari la wageni, hakuna hata mmoja aliyeona kwamba ukuta ule una hali mbaya kuliko jiko letu la nje. Na huyo mgeni, niliwaza, ni nani angetoka mbali kuja kuukagua ukuta jiwe kwa jiwe kama si mwenye nyumba mwenyewe?

Nyumbani nilimkuta bibi amepiga magoti barazani, anasiriba, yaani anapaka ukuta udongo, kwa sababu mgeni huyo lazima angekuja kunywa chai kwetu. Bibi alikuwa haruhusu mgeni azione nyufa. Hata akija mtu wa kuuza sabuni, bibi angetamani asubiri barabarani mpaka udongo ukauke. "Nyumba hii haijanawa uso," aliniambia. "Leta majivu."

Nikamletea majivu, nikachuchumaa karibu yake. "Bibi, mtu akisafiri, nyumba yake nani anasiriba?"

"Jirani."

"Na jirani asiposiriba?"

"Basi hana haya huyo."

Hayo ndiyo mashauri niliyoyapata, na sikuomba mengine.

Ijumaa baba alikwenda mjini kunyoa nywele na kununua daftari jipya la wageni. Mama alikuwa shambani. Nilirudi shule nikavua sare, nikachukua ndoo na jembe la bibi, nikaenda shimoni. Mpaka leo najivunia jinsi nilivyofanya kazi ile, na Mungu anisamehe. Sikulipua. Nilichota udongo mwekundu wa chini, ule laini, nikatoa vijiwe kwa vidole. Nikachanganya na kinyesi cha ng'ombe na majivu, nikakanyaga kwa miguu mpaka ukawa unavutika. Ilikuwa miezi ya baridi, miguu ikafa ganzi. Nikaanzia langoni, maana ndiko mgeni anakoingilia. Kwanza nikajaza nyufa, nikawahamisha mijusi kwa adabu. Kisha nikapaka kwa kiganja kuanzia chini kwenda juu, mpaka mikono ilipoishia, na nilipopanda juu ya ndoo nikaongeza kidogo. Nilipomaliza nikachora kwa vidole vinne zile nusu duara za bibi, moja inapanda juu ya nyingine, kama magamba ya samaki. Chini nikapitisha mkanda wa udongo mweupe. Nikarudi nyuma nikautazama. Ulipendeza, ndugu zangu. Ulipendeza kuliko nyumba ya mchungaji.

Sikumwambia mtu. Nilitaka baba akiona ashtuke. Nilioga mtoni kwa maji ya baridi ya kukata, nikarudi nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyeokoa familia.

Mgeni alifika asubuhi kwa gari la kukodi. Alikuwa mama mwembamba mwenye mvi, buti za ngozi, kofia pana, na begi begani lenye brashi za kila ukubwa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa mtaalamu wa majengo ya kale. Asubuhi ile kwangu alikuwa mwenye nyumba, nikampigia goti mpaka chini. "Shikamoo, karibu tena," nikamwambia. Lile "tena" lilimfanya anitazame mara mbili. Nikamng'ang'ania baba niende nao, naye hakuwa na nguvu ya kubishana. Kola ya shati lake ilikuwa tayari imelowa jasho, na baridi ile.

Bahati mbaya au nzuri, gari lilikuwa limesimama upande wa mto, hivyo tukaanzia nyuma na lango likawa la mwisho. Safari ile sitaisahau. Baba alisahau risala yake. Palipokuwa zizi akasema ndipo walipolala wake wa mtwa, akajirekebisha, akajikwaa kwenye jiwe alilolipita kila siku. Mgeni hakusaidia. Alikuwa anapiga magoti, anasugua jiwe kwa brashi, anaandika. Akiguna, baba anaguna. Mara moja akauliza, "Nyasi hizi unang'oa au unafyeka?" Baba akasema anafyeka, mizizi anaiacha isije ikavuta mawe. Mgeni akaandika. Baba akanitazama kama vile mimi ningejua kilichoandikwa.

Mimi nilikuwa natembea mbele yao kwa kuruka. Nilikuwa na kiherehere hicho! Niliona wanachelewa kwa makusudi. Nilitamani niwavute kwa nguo mpaka langoni, shida yao iishe.

Tukazunguka kona. Jua lilikuwa limeupiga ukuta sawasawa, na udongo wangu, uliokuwa bado na unyevu kwa baridi ya alfajiri, ulikuwa unang'aa kama chungu kipya. Nusu duara zote zilionekana. Mkanda mweupe ulikuwa umenyooka kuliko nilivyokumbuka.

Baba hakusema "kamwene." Alisimama. Fimbo ikamtoka mkononi. Akavua kofia taratibu, akaishika kifuani, kama afanyavyo mtu anapopishana na jeneza. Macho yakamjaa maji. Nami, mtoto mjinga, nikaona ni furaha imemzidi. Nikasubiri nisifiwe.

Mgeni akauliza polepole, "Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," baba akajibu.

Nilimgeukia. Sikuamini masikio yangu. "Baba!"

"Nyamaza, Tumaini. Ni mimi, mama. Nilifikiri ninatengeneza. Kosa ni langu."

Jamani, hasira niliyoipata! Nilikuwa nimekanyaga udongo mpaka miguu imekufa ganzi, na huyu mtu, aliyekuwa mjini ananyolewa nywele, anajipa sifa mbele ya mwenye nyumba. "Muongo!" nikapiga kelele. "Baba muongo! Ni mimi nimesiriba! Yeye hata kusiriba hajui! Nimesiriba ili usikute nyufa, umwachie kazi yake, asiende Rujewa!" Nikanyoosha mikono kumwonyesha kucha zangu, ambazo hata mto haukuweza kuzitakasa.

Baba alifunika uso kwa kofia. Mgeni akaja, akachuchumaa mbele yangu, akashika mkono wangu mmoja akaugeuza huku na huku kama anayenunua viazi.

"Uliweka nini kwenye udongo?"

"Kinyesi na majivu."

"Kingine?"

"Basi."

"Saruji?"

"Hatuna saruji," nikasema, nikiona kwamba sasa anatudharau.

Yule mama akashusha pumzi ndefu, akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. "Mungu wangu," akasema. "Umenitisha." Akamtazama baba. "Nimetembea sehemu nyingi, baba Tumaini. Watu wazima, wenye vyeo, wanapaka saruji kwenye kuta kama hizi. Saruji haibanduki mpaka iondoke na jiwe. Nilivyoona rangi ile nikajua nimechelewa. Huu ni udongo. Udongo unatoka kwa maji."

Akatoa chupa ya maji na brashi laini, akalowesha sehemu ndogo chini, akasugua kwa kuzungusha. Udongo wangu ukateremka taratibu, na nyuma yake ukatokeza ukuta wa zamani, na ufa wake, na jiwe lake, kama ulivyokuwa. Sikuwahi kumwona baba akipumua vile. Ilikuwa kama mtu aliyetolewa chini ya maji. Aliegemea hewa, akaona itamwangusha, akakaa chini naye. Wakabaki wawili wamekaa vumbini, na mimi nimesimama, nalia kwa sababu ukuta wangu unaharibiwa.

Tulifanya kazi mpaka mchana ukapita. Mgeni alinipa brashi yangu, akanionyesha jinsi ya kusugua bila kukwangua, na huku tunasugua akanieleza kwa lugha ya mtoto kwamba wenyewe hawajasafiri. Wamekufa wote, zamani sana, na ukuta huu hautunzwi ili warudi bali ili tujue waliishi. Nilimuuliza kama na yeye si mwenye nyumba. Akasema hapana, kwao ni mbali. Nikaona haya kwa lile goti nililompigia, maana lilikuwa la mwenye nyumba kabisa.

Tulipofika upande wa ndani wa lango, ambako mvua haipigi na mimi sikupafikia, yule mama akaita, "Njooni." Alikuwa amepiga magoti na tochi. Kwenye kimo cha kiuno cha baba, palipobaki kiraka cha udongo wa kale kisichozidi sinia, palikuwa na michirizi. Nusu duara moja, nyingine juu yake, nyingine tena. Vidole vinne. Nilivitambua kabla hajasema. Akaniambia niweke vidole vyangu karibu bila kugusa. Vilikuwa sawa na vile, unene uleule, na michirizi ile iliishia pale ambapo mkono wangu ungeishia kama ningepiga magoti.

"Na huyu naye alikuwa hafiki juu," mgeni akasema.

Baba aliitazama michirizi ile muda mrefu. Miaka yote amewaambia watu habari za mtwa na walinzi na vita, na hakuwahi kujua kwamba kuna mtoto. Akarudia kwa sauti ndogo, "Alikuwa hafiki juu." Kisha akacheka, kwa kukoroma, kicheko kile cha aibu, na mgeni naye akacheka, na mimi nikaacha kulia.

Kabla ya kuondoka mgeni aliandika kwenye daftari jipya, akalifunga, akamrudishia baba. "Endelea na kazi yako," alisema. "Hapa pametunzwa. Na ukiwatembeza watu, usiache kuwaonyesha huyu mdogo." Chai ya bibi hakuinywa, muda ulikuwa umekwisha. Bibi alikasirika wiki nzima.

Njiani kurudi nyumbani baba alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu, "Kwa nini uliniita muongo mbele ya mgeni?"

"Kwa sababu ulisema uongo."

"Ni kweli," akasema. "Nilisema."

Ilinichukua miaka kuuelewa uongo ule. Nilipozaa, ndipo nikaelewa. Alikuwa ameona kila kitu kimekwisha, kazi na nyumbani na sisi, na katika dakika ile moja kitu pekee alichokimbilia kukiokoa ni mimi, nisiambiwe kwamba kosa ni langu. Na mimi nikamwita muongo. Nikikumbuka hapo, hata leo, nacheka huku machozi yananitoka, na shukrani ninayoisikia haina pa kuiweka.

Nyumbani tulimkuta mama ameketi kitandani. Tulikuwa tumechelewa mno, naye alikuwa ameshajipa jibu mwenyewe. Begi la baba lilikuwa wazi miguuni pake. Mashati yake ya kazi alikuwa ameyakunja vizuri, na juu yake ameweka kitambaa cha kujifunga puani, kile cha kuzuia pumba kule Rujewa. Aliuangalia uso wa baba. Baba alinishusha mgongoni, akapiga magoti mbele ya begi, akatoa shati la kwanza, akampa mama. Akatoa la pili, akampa. Walipofika la tatu mama alikuwa analia, na baba akakichukua kile kitambaa akanipa mimi, akasema, "Kampe bibi, akifanye cha kufutia udongo miguuni."